Shajara ya mradi wa kusoma: rafu iliyochanganyika, kadi isiyo na safu ya ujumbe

Mpangilio wa kazi

Rafu ya mradi huu imechanganywa makusudi: riwaya ya upelelezi, utenzi, diwani iliyoandikwa gerezani, kumbukumbu za mfanyabiashara wa misafara, tafsiri mpya, na riwaya kadhaa ambazo wengi walizisoma shuleni huku mwongozo uko mkononi. Kila kitabu kina kadi yake, nusu karatasi ya A4, yenye sehemu nne: nakala (toleo, mwaka, hali ya kurasa), ukurasa ambapo kitabu kinashika, ukurasa ambapo kinalegea, na hukumu ya sentensi mbili.

Safu ya "dhamira na ujumbe" haimo. Shule ilituzoesha kukimbilia huko, na matokeo yake mtu anaweza kutaja dhamira tano za riwaya asiyokumbuka hata tukio moja ndani yake. Kadi hizi zinauliza jambo jingine: mwandishi anaonyesha watu wakitenda, au anasimama mbele yao akihutubia?

Kanuni ya kuacha kitabu ni robo. Kisiposhika mpaka robo ya kurasa, kinawekwa kando na kadi inaandikwa hivyo bila aibu. Tenzi na tamthilia hazimo kwenye kanuni hii, kwani ni fupi na hazidai muda mrefu.

Nakala kwanza, maoni baadaye

Kabla ya kusoma, namba za kurasa zinakaguliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaokoa mengi. Kitabu cha kiwandani kikikosa kurasa, kwa kawaida hukosa 16 kwa mkupuo, au hurudia 16 zile zile, kwa kuwa karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa kurasa hizo zote pamoja. Fotokopi hukosa mbili mbili, maana kitabu hulazwa wazi kwenye mashine na mpigaji akifunua karatasi mbili kwa pamoja, kurasa mbili zinazotazamana zimeruka. Nakala nyingi za riwaya za miaka ya 1970 na 1980 zinazozunguka mitaani ni fotokopi za fotokopi, kwa hiyo hata herufi za ukingo wa ndani huwa zimemezwa.

Matoleo ya zamani yaliyogandishwa kwa gundi bila kushonwa huachia kurasa za katikati. Selotepu haifai: baada ya muda hugeuka njano, huacha utando unaonata na huchana karatasi. Paka gundi nyeupe ya maji, kidogo sana, kwa brashi nyembamba kwenye mgongo. Weka karatasi ya nailoni kila upande ili kurasa nyingine zisigandane, kisha kitabu kilale chini ya uzito usiku kucha. Gundi ikizidi, mgongo hukakamaa na kitabu hukatika pale pale kinapofunuliwa.

Kusadikika

Shaaban Robert, 1951. Kinaanza rafu kwa sababu ndicho kinachopinga kipimo chetu waziwazi: karibu kitabu kizima ni hotuba. Karama ameshtakiwa mbele ya Mfalme Jeta kwa kufundisha uanasheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, za dunia, za juu na za chini, wakarudi na maarifa na kulipwa kifungo.

Kinachokiokoa ni baraza. Hotuba iliyotolewa na mtu ambaye kichwa chake kiko hatarini ni tendo tayari. Kila sifa anayompa mjumbe aliyefungwa ni tuhuma kwa wale walioketi mbele yake, nao wanalijua hilo. Kinapolegea ni kwa mjumbe wa tatu, kwa kuwa mpangilio unajirudia: anatumwa, anaona, anarudi, anafungwa. Dawa ni kukisoma kwa vikao, mjumbe mmoja kila kikao. Ukikimeza kwa pumzi moja, wajumbe watakuchanganyikia na lugha yenyewe, ambayo ndiyo utamu wake, itapita bila kuonjwa.

Hukumu: Kinastahili sifa zake. Hakistahili kuwa kitabu cha kwanza cha Shaaban Robert kwa kijana wa kidato cha pili.

Kuli, kisha Vuta n'kuvute

Shafi Adam Shafi alisomwa mara mbili mfululizo, na mfululizo huo ulikuwa na faida. *Kuli* (1979) inamfuata Rashidi, mtoto wa kuli wa bandari ya Unguja, ambaye naye anaishia kuwa kuli, mpaka kwenye mgomo wa 1948, mgomo wa kweli uliozimisha bandari na kusambaa mjini. Kurasa zinazoshika ni za kazi na za nyumbani: mzigo, jua, kibarua kisicho na uhakika wa kesho, mama anayepima chakula kwa macho. Pale hakuna anayemwambia msomaji kwamba dhuluma ipo. Imo kwenye uzito wa mzigo.

Inalegea pale wazungumzaji wanapoanza kuzungumza kwa aya. Mtu mmoja anauliza swali fupi, mwingine anajibu kwa ukurasa mzima kuhusu umoja wa wafanyakazi, na muulizaji anatikisa kichwa. Ni mazungumzo ya mkutano yaliyovalishwa mavazi ya barazani. Msomaji anayetaka kujipima afanye hivi: afunike jina la msemaji kwa kidole, asome, kisha ajaribu kutaja ni nani anayesema. Katika kurasa za mwanzo utajua. Katika kurasa za mgomo hutajua.

*Vuta n'kuvute* (1999) ni ya mwandishi aliyekwisha kulitambua tatizo hilo, au angalau ndivyo kurasa zinavyoonyesha. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima kuliko yeye kwa mbali, anatoroka na kuangukia Ng'ambo, mtaa wa mji wa Unguja, kwa Mwajuma. Hapo riwaya inapata roho. Mwajuma hana nadharia yoyote. Ana nyumba, ana ulimi, ana muziki, na kila anapoingia ukurasani wengine wote wanaamka. Denge, mwanasiasa wa siri aliyesoma Urusi, ndiye shujaa rasmi, lakini kwa maoni ya kadi hii ndiye dhaifu kuliko wote. Akisema, mara nyingi unasikia kipeperushi. Akikimbia makachero, anakuwa mtu.

Riwaya hii imetumika sana kidato cha tano na sita Tanzania, na Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyotoka 2021. Aliyeijua kwa mtihani tu airudie bila mwongozo, aanze na sura za Ng'ambo.

Kiu

Mohamed Suleiman Mohamed, 1972. Kadi fupi, kwa kuwa hakuna la kulalamikia. Watu watatu: Mwinyi mwenye mali na umri, Idi mwenye uchu, Bahati mwenye mapenzi. Kila mmoja ana kiu yake na mwandishi hamshiki msomaji mkono kumwonyesha nani mbaya. Anamwacha Idi aseme maneno matamu, na utamu huo huo ndio unaotisha. Sehemu ya "kinapolegea" imebaki tupu.

Mzimu wa Watu wa Kale

Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapwa 1960. Ndicho kilichomleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum ubavuni, na mfululizo uliofuata kuanzia *Kisima cha Giningi* (1968) hadi *Kosa la Bwana Msa* (1984).

Wengi humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes kwa sababu ya kiko, na wakifika hapo wanaacha kufikiri. Tofauti kubwa iko kwenye aina ya siri. Hapa jibu halimo kwenye majivu ya sigara wala unyayo. Limo kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani aliwahi kumwoa nani, nani anaitwa jina jingine mahali pengine. Ni upelelezi uliotoka kwenye jamii ambayo kila mtu anajua ukoo wa kila mtu, ila ule mmoja uliofichwa.

Kwa hiyo msomaji ashike karatasi tangu ukurasa wa kwanza, yenye safu nne: jina, jina jingine au lakabu, wazazi, alikuwa wapi siku ya tukio. Kila mtu mpya akitajwa aingie hapo, hata yule anayepita kama mpishi tu, naam, hasa huyo. Kabla ya sura za mwisho andika jina la unayemshuku. Wanaoshindwa huwa hawakukosa akili, walikosa safu ya tatu.

Je, mwandishi anacheza kwa haki? Nusu nusu. Habari nyingi za lazima zimewekwa wazi, lakini Bwana Msa ana tabia ya kwenda mahali, kurudi, na kukaa kimya na alichokipata mpaka amalize kuvuta. Katika upelelezi huo ni udanganyifu mdogo. Unasameheka kwa Kiunguja kilivyo kitamu humo, mabishano yaliyojaa kejeli na methali zinazotumika kama silaha.

Misafara miwili

Vitabu viwili vimewekwa pamoja: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafa 1905, na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Tafsiri ilichapwa na Mkuki na Nyota 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Tippu Tip asomwe kwanza. Ukigeuza mpangilio, riwaya itakufanya umsome mfanyabiashara kwa macho ya Yusuf, na utakosa kuona jinsi msafara ulivyojieleza wenyewe bila haya.

Vifaa vya kumsomea Tippu Tip: ramani ya mkono yenye Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Kasongo, na kumbukumbu kwamba frasila moja ni kama kilo 16. Bila vitu hivyo kitabu ni mvua ya majina. Ukiwa navyo unaanza kuona biashara: mali ya mkopo inapanda bara, pembe zinashuka pwani, deni linalipwa, mkopo mkubwa zaidi unafuata. Toleo la mtafsiri Whiteley lina Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Upande wa Kiingereza ufunikwe, kwani jicho huvutwa kule na mwendo wa msimuliaji hupotea. Mwendo wenyewe ni wa mtu aliyeketi barazani: -ka- juu ya -ka-, akaenda, akapigana, akachukua.

Maoni: ni daftari la hesabu lililojaa kiburi, na ndiyo maana lina thamani. Pembe zinapimwa kwa uangalifu. Watu waliotekwa wanapita kwa maneno machache, kama vumbi la njia. Pengo hilo ndilo jambo la kusoma, na hakuna mhariri anayelionyesha kwa kidole.

*Peponi* inaingia hapo hapo penye pengo. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na "mjomba" Aziz, kisha Khalil dukani anamfungua macho: Aziz si mjomba wake, na yeye ni rehani ya deni la baba. Kinachoshika zaidi ni safari ya bara, na mnyapara Mohammed Abdalla, mpaka mji wa Chatu ambako msafara unanyang'anywa mali yake. Aliyetoka kwa Tippu Tip atatambua kila hatua ya safari hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii mzigo una macho.

Tafsiri inasomeka kama riwaya ya pwani iliyochelewa kufika nyumbani. Mazungumzo ya dukani yako hai. Maelezo ya bustani ya Aziz ndiyo mazito: sentensi za Gurnah zina vishazi vingi, na Kiswahili kikizifuata kishazi kwa kishazi msomaji hupoteza mtendaji. Ukikwama hapo, soma kwa sauti. Sikio hupata kituo ambacho jicho limekikosa. Mwisho unakuja ghafla, na malalamiko kuuhusu hayana msingi. Askari wa Kijerumani nao walikuja hivyo hivyo.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

Hiki ndicho kitabu kilichokula muda mwingi kuliko vyote. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikimaliza kwa Kikerewe 1945, akakosa mchapaji, akakitia mwenyewe katika Kiswahili, na kikatoka kwa juzuu mbili 1980. Alifariki 1981.

Kisa kinaelezeka kwa pumzi moja. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, mume anakwenda kumrudisha na kutozwa faini ya pombe ya ndizi. Wanatafuta mganga, na hatimaye wanapata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Mwandishi mwingine angemaliza hayo kwa kurasa themanini.

Kitereza haruki kitu. Mgeni akibisha, tunapewa salamu zote, kigoda, chakula, maji ya kunawa, mazungumzo, na kusindikizwa mpaka pale desturi inaporuhusu mwenyeji arudi. Faini ya pombe si neno moja "akalipa". Ndizi lazima zikatwe zikiwa zimekomaa, zivundikwe ziive, zikamuliwe, juisi iwekewe nafaka na kuachwa ichachuke, na siku zote hizo mume hana mke nyumbani wala hajui kama atarudishiwa. Hapo ndipo ufundi ulipo: muda wa pombe kuiva ni muda wa mtu kungoja. Ukiruka maelezo ya pombe umeruka mapenzi yenyewe, kwani Myombekere hatamki popote kwamba anampenda mkewe kama anavyolitamka kwa jasho lile.

Kosa la wasomaji wengi ni kukiendea kama riwaya ya matukio, wakachoka kabla ya mganga. Wengine hukiendea kama kitabu cha mila, wakapiga alama za kalamu kwenye "ndoa", "uzazi", "mazishi", na kukifanya ghala. Mwendo uliofaa kwenye mradi ni kusoma mpaka mgeni aliyeingia atoke, kisha kufunga. Kila ziara ina mwanzo na mwisho wake, kwa hiyo ziara ndiyo sura halisi ya kitabu hiki, kuliko sura zilizopigwa namba.

Kinalegea juzuu ya pili. Juzuu ya kwanza ina swali moja linaloivuta: je, watapata mtoto? Swali likishajibiwa, watoto wakikua, maelezo yanabaki bila kamba ya kuyashika, na mara kwa mara Kitereza anageuka mwalimu. Hata hivyo hakuna riwaya nyingine kwenye rafu hii iliyofanya kazi ya mikono kuwa hisia kwa kiwango hiki. Asiyepata Kiswahili chake kirahisi ajue kuna tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, iliyotoka 2002.

Mashairi: kusoma kwa vidole

*Utendi wa Mwana Kupona*, 1858, beti 102, wosia wa mama mgonjwa wa kisiwa cha Pate kwa binti yake. Kila kipande kina mizani (silabi) 8, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kinabeba kina kinachofunga utenzi wote. Hesabu kwa vidole ubeti wa kwanza wa wosia: neno "binti" lisipopewa mizani tatu, bi-n-ti, kipande kinapungua. Ufunguo wa Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa msomaji wa bara au Unguja unatosha kuandikwa kwenye alamisho: mato ni macho, ndia ni njia, kuya ni kuja, moya ni moja.

Maoni bila kupaka sukari: sehemu kubwa inamfundisha binti kumtumikia mume kwa kiwango ambacho leo kinakera, na kujifanya hakikeri ni kumdharau mtunzi. Lakini mama huyo anajua anakufa, na usahihi wa maagizo yake, namna ya kusema, kuketi, kujipamba, ni usahihi wa mtu anayejua hatakuwepo kurekebisha.

*Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, 1973. Mashairi yaliyotungwa katika kifungo cha 1969 hadi 1972, mengi yakiandikwa kwenye karatasi za chooni. Yasomwe kwa sauti, pumzi ikikatwa kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mstari, la sivyo vina vya kati havisikiki na shairi linageuka nathari iliyovunjwa. "Mamba" na "Mnazi" yanashinda yale yanayolalamika moja kwa moja. Katika "Mnazi" wabishani wawili, Alii na Badi, wanagombea mti, na kila mmoja anapewa hoja zenye nguvu kweli. Mshairi aliyefungwa na upande mmoja anampa mpinzani nafasi ya kusema vizuri. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kinahitaji subira tu, maana ya jumla hailazi mtu njaa.

Nagona, na kilichobaki mezani

Euphrase Kezilahabi, naye wa Ukerewe, 1990. Baada ya Kitereza mgongano ni mkali: kisiwa kimoja, waandishi wawili, na huyu wa pili ameondoa karibu kila kitu ambacho yule wa kwanza alikikusanya. Hakuna nyumba, hakuna mapishi, hakuna ukoo. Kuna msimuliaji, wazee, msako wa paa (mnyama), na ngoma kuu inayongojewa.

Kinachoharibika kwa wengi ni kutafsiri kila alama papo hapo, paa ni ukweli, mzee ni nani, mji ni nini, na kabla ya sura ya tatu kadi imejaa na kichwa kinauma. Kitabu ni chembamba. Kisomwe mara ya kwanza bila kalamu, kwa mkao mmoja, kama mtu anayesimuliwa ndoto ya mwingine. Mara ya pili ndipo kalamu, na ipigie mstari vitendo tu, si maneno makubwa. Vitendo ni vichache na vinarudi, navyo ndivyo vinavyoshikilia jengo.

Je, kinahubiri? Mara chache, na pale kinapohubiri kinajicheka. Hata hivyo hukumu haijaandikwa, kwa sababu *Mzingile* (1991) inaendeleza safari hiyo hiyo na ni haki vihukumiwe pamoja. Nakala ya *Mzingile* ni fotokopi, kurasa mbili zimeruka karibu na katikati, na hakitaanzwa mpaka zipatikane kutoka nakala nyingine. Baada yake zamu ni ya *Ziraili na Zirani* ya William Mkufya (1999), kisha rafu inarudi kwa Bwana Msa, *Duniani Kuna Watu*, karatasi ya safu nne ikiwa imechorwa tayari.